Fowadi ikiingia kwenye grupu la ukoo: namna ya kuifumua, kuichunguza na kuizima

Kuna ujumbe mmoja ambao umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka kumi, lugha baada ya lugha. Kwa Kiswahili husomeka takriban hivi: usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, mionzi hatari kutoka anga za juu itapita karibu na dunia, zima simu, usilale nayo karibu, NASA na BBC wametangaza, watumie wote unaowapenda. Ukielewa ujumbe huu mmoja unavyofanya kazi, umeelewa sehemu kubwa ya uvumi unaoingia kwenye grupu la ukoo, la jumuiya, la wazazi wa darasa la nne au la kikoba. Tuufumue kwanza mshono kwa mshono, kisha twende kwenye kazi ya kuchunguza na kurekebisha.

Mishono ya ujumbe wa uvumi

Mshono wa kwanza ni punje ya kweli. Mionzi kutoka anga za juu ipo na inaifikia dunia kila sekunde, usiku na mchana. Angahewa pamoja na nguvu ya sumaku ya dunia huizuia kwa sehemu kubwa. Uvumi usio na punje hata moja ya kweli haufiki mbali. Mshono wa pili ni neno "leo". Tarehe haikuandikwa, kwa hiyo ujumbe hauchachi: ukisomwa Januari ni wa Januari, ukifufuliwa baada ya miaka mitatu bado ni wa "usiku wa leo". Wa tatu ni jina kubwa lisilo na anwani: NASA bila linki, "madaktari bingwa" bila jina la daktari hata mmoja, "Wizara" bila kumbukumbu namba. Wa nne ni kipimo kamili, maana "saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu" husadikika kuliko "usiku wa manane".

Wa tano ndio unaotunasa wengi: kazi ndogo isiyo na gharama. Kuzima simu kuna hasara gani? Msomaji hujiambia, hata kama si kweli sipotezi kitu, na papo hapo anabonyeza kusambaza. Lakini kazi "isiyo na gharama" huwa nayo. Agosti 2014 ujumbe ulienea Nigeria ukiwashauri watu waoge na kunywa maji ya chumvi ili kujikinga na Ebola. Chumvi iko kila jikoni, haina masharti, haihitaji daktari. Vyombo vya habari viliripoti vifo vya watu wawili na wengine wapatao 20 waliolazwa hospitalini. Virusi vya Ebola havina habari na chumvi. Shinikizo la damu na figo zinayo.

Wa sita ni agizo la kusambaza, lenye maneno ya upendo au ya vitisho. Agizo hili ni la kale kuliko simu. Uvumi wa popobawa, zimwi linalosemekana kuwavamia watu usiku, ulioikumba Pemba na Unguja mwaka 1995 ulibeba sharti lake ndani: aliyetokewa awasimulie wenzake, la sivyo atarudiwa. Na aliyekana kwamba popobawa yupo aliambiwa amejiita mwenyewe. Tazama ufundi wake: kusimulia ni kinga, kunyamaza ni hatari, kubisha ni hatari zaidi. "Tuma kwa watu 10 usipuuze" ni sharti lile lile lililovaa nguo nyingine.

Kuna alama moja inayomfaa msomaji wa Kiswahili peke yake, nayo ni saa. Ujumbe wa mionzi kwa Kiingereza ulisema 12:30 hadi 3:30 usiku. Ukiona toleo la Kiswahili limeandika "saa 12:30 hadi saa 3:30 usiku", basi aliyetafsiri alinakili tarakimu bila kuhesabu saa zetu, na ujumbe umezaliwa kwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa namba za dharura zisizotumika nchini, dawa zenye majina ambayo maduka yetu hayauzi, na majira ya mwaka tusiyokuwa nayo.

Tafuta pengo kabla ya kutafuta uongo

Uvumi huota pale ambapo watu wana swali zito na hakuna aliyewajibu. Mfano ulio wazi ni Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, katika eneo lililokuwa limeshuhudia mauaji ya raia kwa miaka. Maneno yalikuwa mengi: kwamba Ebola ni biashara, kwamba ni njama ya siasa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba kura hazitapigwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya angekuwa ameshaapishwa. Waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola kesho yake. Kwa aliyekuwa akisema tangu Agosti kwamba Ebola ni siasa, ushahidi ulikuwa umeletwa mlangoni na serikali yenyewe. Mlipuko huo ulikuja kuua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020.

Kumwambia mtu wa Beni "Ebola ipo, acha uvumi" hakukujibu swali lake. Swali lake lilikuwa: kwa nini mnaleta magari na fedha kwa ugonjwa huu, wakati tulipouawa kwa mapanga hamkuja? Timu za Msalaba Mwekundu zilizoandika maneno ya watu kama yalivyosemwa, mtaa kwa mtaa, na kuyapeleka kwa wenye maamuzi, zilikuwa zinafanya kazi sahihi. Hata lugha ilikuwa sehemu ya pengo: mabango mengi yalikuja kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, wakati mama wa sokoni husema Kiswahili cha Kongo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa Google, andika sentensi moja kwenye karatasi: "Watu wa grupu hili wanataka kujua nini?" Kwa sauti inayovumisha kwamba chanjo ya shuleni inawafanya wasichana wagumba, swali si biolojia peke yake. Mara nyingi ni hili: kwa nini shule haikutuuliza sisi wazazi? Usipolijibu hilo, utashinda hoja na kushindwa kwenye grupu.

Inavyosafiri, na inavyobadilika njiani

Utafiti mkubwa uliochapishwa Machi 2018 kwenye jarida la Science uliangalia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli, na ukweli ulichukua takriban mara sita ya muda ule kuwafikia watu 1,500. Waliofanya kazi hiyo hasa ni binadamu, si programu za kujiendesha. Uongo ulikuwa mpya zaidi masikioni, na ulishtua.

WhatsApp ina tabia yake. Ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji tangu Aprili 2016, kwa hiyo kampuni haiusomi na hakuna wa juu atakayeshuka kuufuta. Mzigo uko kwa wanagrupu. Fanya hesabu hii: grupu lina watu 60, na katika kila grupu watu watatu wanaufowadi ujumbe kwenye grupu jingine moja moja. Hatua ya kwanza ni watu 60. Ya pili, magrupu 3, watu 180. Ya tatu 540. Ya nne 1,620. Ya tano, magrupu 81, watu 4,860, tukiacha wanaorudiwa. Sasa katika kila grupu mmoja kati ya wale watatu anyamaze, wabaki wawili. Hatua ya tano inakuwa magrupu 16, watu 960. Mtu mmoja tu kwa kila grupu, na uvumi umebaki sehemu ya tano.

Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya vikomo vya kufowadi. Mwaka 2018 klipu ya watu wawili wa pikipiki wakimnyakua mtoto ilienea India pamoja na onyo la wateka watoto. Ilikuwa imekatwa kutoka kwenye video ya uhamasishaji ya Karachi, Pakistan. Mwishoni mwa ile video watekaji wanamrudisha mtoto na kuonyesha bango la tahadhari. Mwisho ulikatwa. Uvumi wa wateka watoto uliwafanya watu zaidi ya 20, wengi wao wageni na wapita njia, wauawe na makundi yenye hasira. Julai 2018 WhatsApp iliweka alama ya fowadi, na nchini India ikapunguza kusambaza hadi mazungumzo matano kwa mara moja. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili ukabaki kutumwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati.

Mshale mmoja maana yake aliyekutumia hakuandika yeye. Mishale miwili maana yake ujumbe umepita mikono mitano au zaidi mfululizo. Lakini alama hizi hufutika kirahisi mno: mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, akipiga picha ya skrini, au akipakua klipu na kuituma kama yake, hesabu inaanza sifuri. Kutokuwepo kwa mshale si ushahidi wa chochote.

Kitu kingine hutokea njiani: mashaka hudondoka. Wa kwanza aliandika "nasikia huko Tandika kuna mtoto kapotea, kuna mwenye habari?" Wa pili akaondoa "nasikia". Wa tatu akaondoa alama ya kuuliza. Wa nne akaongeza "watoto watatu". Hakuna aliyedanganya kwa makusudi kati ya hao wanne. Kisha ujumbe ukifika kwa baba mdogo kutoka magrupu matatu tofauti, anahisi amepata mashahidi watatu, wakati ni shahidi mmoja aliyepita njia tatu. Tangu mwaka 1977 wanasaikolojia wameonyesha kwamba sentensi iliyorudiwa huaminika zaidi kuliko ngeni, na hilo halihitaji ujinga. Linampata profesa na mkulima.

Dakika kumi za uchunguzi

Dakika ya kwanza usifanye lolote ila kutotuma. Ukihisi moyo unakwenda mbio au hasira inapanda, ichukulie kama taa ya njano. Kisha angalia unacho nini mkononi, maana kila umbo lina njia yake.

*Maandishi.* Chukua maneno sita hadi nane yasiyo ya kawaida, yaweke ndani ya alama za kunukuu, yatafute. Ongeza neno "uzushi" au "si kweli" na utafute tena. Rudia kwa Kiingereza, kwa sababu uvumi mwingi wa afya umetafsiriwa. Ukitaka kujua kama ni wa zamani, andika kwenye Google maneno yako yakifuatiwa na before:2022-01-01 bila nafasi katikati; matokeo yatakuwa ya kabla ya tarehe hiyo. Habari ya "leo" iliyopatikana 2017 imeshajibiwa. Tazama pia wahakiki wa habari kama PesaCheck, Africa Check na JamiiCheck. Wanachapisha uchunguzi wao, na PesaCheck huandika kwa Kiswahili pia.

*Picha.* Ipeleke kwenye vifaa vya kutafuta kwa picha: Google Lens, kisha TinEye, ambayo inaweza kupanga matokeo kuanzia ya kale zaidi. Kata kwanza maandishi yaliyobandikwa juu ya picha, kwa kuwa hupoteza utafutaji. Isipopatikana, igeuze kushoto-kulia na ujaribu tena. Wapotoshaji hugeuza picha makusudi, na maandishi ya duka yaliyosomeka kinyume hukufichulia. Usisumbuke kutafuta tarehe ya kamera ndani ya faili: WhatsApp huiondoa inapotuma picha kwa njia ya kawaida. Badala yake soma kilicho ndani. Magari yanapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda ni kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi ni kulia. Kibao cha namba kinasemaje? Tanzania gari la mtu binafsi huwa na kibao cha njano na la biashara cheupe, namba ikianza na T. Kenya cha mbele ni cheupe na cha nyuma njano. "Ajali ya leo Morogoro" yenye magari yanayotembea kulia haikutokea Morogoro.

*Video.* Simamisha sehemu tatu hadi tano: mwanzo, pale tukio linapotokea, na pale penye bango au jengo. Piga picha ya skrini kila moja, zipitishe kama picha. Ukiwa na kompyuta, programu-jalizi ya InVID hukata fremu hizo yenyewe. Halafu jiulize kuhusu ncha zake mbili: ilianzia wapi na iliishia wapi? Klipu ya Karachi haikuhitaji kughushiwa hata kidogo, ilikatwa tu. Sikiliza pia bila kutazama. Mara nyingi lugha inayosikika kwa mbali haifanani na nchi iliyotajwa.

*Sauti.* Hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayoaminika zaidi, kwa kuwa ina pumzi na hofu ya mtu. Huwezi kuitafuta. Isikilize mara mbili, uandike madai matatu makuu, majina ya mahali, na jambo lolote linaloweza kupigiwa simu. Anayesema "mimi ni nesi hapa hospitali ya wilaya" hakutaja wilaya. Kisha tafuta madai kama maandishi. Usijaribu kuamua kwa sikio kama sauti ya kiongozi imetengenezwa na akili bandia. Vifaa vimeshakuwa vizuri kuliko masikio. Uliza hotuba hiyo ilitolewa wapi, siku gani, na kama kuna chombo kingine chochote kilichoirekodi. Hotuba ya kiongozi mkubwa yenye nakala moja tu duniani, ya WhatsApp, ina tatizo. Utaratibu huo huo utumie kwa picha za akili bandia: asili yake ni muhimu kuliko kuhesabu vidole.

*Barua na matangazo.* Soma Kumb. Na., tarehe, cheo cha aliyesaini, na jina la wizara kama linavyoitwa sasa. Wizara huunganishwa na kutenganishwa, na mghushi hutumia nembo ya zamani. Linganisha siku na tarehe. Barua inayosema "Jumatatu, 14 Agosti 2024" imejifichua, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Jumatano. Taarifa ya hali ya hewa iangalie kwa saa ya kutolewa. Vimbunga kama Hidaya, Mei 2024, hubadilika nguvu ndani ya saa chache, kwa hiyo picha ya skrini ya tangazo halisi la juzi la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inaweza kuwa ya kweli na bado ikapotosha. Fungua ukurasa wao, usome la mwisho.

*Linki.* Soma anwani kutoka kulia, ukianzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Portal.ajira.go.tz huishia na go.tz, ambayo ni ya serikali ya Tanzania. Lakini ajira.go.tz.jinalolote.com ni mali ya mwenye jinalolote.com; maneno ya mbele kila mtu anaweza kuyaandika. Kurasa za "ajira mpya" na "bando la bure GB 50" hukutaka ubonyeze kusambaza kwa magrupu matano mpaka mstari wa kijani ujae. Ukurasa huo hauwezi kuona WhatsApp yako. Unahesabu mibonyezo tu, na kinachopatikana mwisho ni fomu ya kuchukua namba yako ya simu na ya kitambulisho.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kutafuta kwa maneno ya uvumi wenyewe. Uvumi ukibuni istilahi yake, basi waliouandika ndio pekee waliotumia istilahi hiyo, na utafutaji utakurudisha mikononi mwao. Tafuta kwa jina la kawaida la kitu: jina la dawa, jina la kata, jina la ugonjwa.

La pili ni kudhani kwamba kutopatikana ni kuthibitishwa. Picha isiyoonekana TinEye inaweza kuwa ya leo, au inaweza kuwa haijawahi kuwekwa kwenye tovuti ya wazi. Jibu halali ni "bado haijulikani", nalo linatosha kukuzuia kusambaza.

La tatu ni kusoma ukurasa uleule kwa makini sana. Watu wenye elimu hupenda kukaa nusu saa wakipima mwandiko wa tovuti, muundo wake, orodha ya wahariri. Vyote hivyo mwenye tovuti ndiye aliyeviandika. Ondoka humo haraka, fungua kurasa nyingine mbili au tatu, uone wengine wanasemaje kuhusu tovuti hiyo. La nne ni kuiuliza programu ya akili bandia na kulichukua jibu kama hukumu. Inaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia. Habari ya asubuhi hii haina uhakika nayo, ingawa itakujibu kwa sauti ya uhakika.

La tano ni kumwamini "mtu wa ndani" kwa sababu ni ndugu. Binamu anayefanya kazi bandarini anajua ya bandarini, si ya chanjo. Mpigie, lakini umuulize jambo moja: umeona mwenyewe, au umeambiwa?

Kurekebisha bila kuvunja ukoo

Kama aliyetuma ni mkubwa wako, mfuate pembeni kwanza, kwenye simu yake mwenyewe. Kumsahihisha shangazi mbele ya wakwe na watoto wa ndugu zake ni kumvua nguo, na atautetea ujumbe ambao jana hakuujali. Maneno kama haya yanafaa: "Shikamoo shangazi. Ile sauti ya asubuhi nimeifuatilia kwa sababu ilinitia wasiwasi na mimi. Nimekuta ni ya zamani, na si ya huku kwetu. Naomba wewe ndiye uwaambie kwenye grupu, watakusikiliza kuliko mimi." Umemwachia heshima na umempa kazi. Mpe muda mfupi, saa moja au mbili. Lakini kama ujumbe unaweza kuua, mathalani unamtaja mtu na mtaa wake kuwa mteka watoto, au unaagiza watu waache dawa za kisukari, usisubiri: andika grupuni mara moja bila kumtaja aliyetuma, kisha mpigie.

Sahihisho lenyewe lianze na ukweli. Utaje uvumi mara moja tu, useme kwa nini ni potofu, umalize na ukweli tena pamoja na la kufanya. Kwa mionzi ingekuwa hivi: "Simu zenu ziacheni kama kawaida leo usiku, hakuna hatari. Kuna ujumbe wa mionzi unaozunguka; ni wa miaka mingi, hauna tarehe, na NASA hawajatoa tangazo hilo. Mionzi ya anga ipo kila siku na angahewa inatukinga. Aliye na wasiwasi aniulize." Sentensi nne au tano. Ukizidisha, watu watasoma mstari wa kwanza tu, kwa hiyo mstari wa kwanza usiwe uvumi wenyewe kwa herufi kubwa. Ndiyo maana picha ya uvumi usiitume tena bila kuichora mstari mwekundu na neno UZUSHI katikati, kubwa kiasi cha kutokatika kirahisi.

Jibu kwa umbo lilelile. Uvumi ukija kwa sauti, jibu kwa sauti ya sekunde 30 hadi 45, kwa lafudhi ya nyumbani. Kama ni grupu la Pemba, sema Kipemba. Na usitegemee linki peke yake. Wengi wamenunua bando la mitandao ya kijamii tu, na linki ya nje ya WhatsApp haiwafungukii au inawakata salio. Bandika maneno yenyewe au picha ya skrini iliyo na tarehe, linki ije mwisho kwa anayetaka.

Admin ana vifaa vya ziada na wengi hawavitumii. Anaweza kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote kwa wote. Anaweza kubandika sahihisho juu ya grupu kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Anaweza, wakati wa taharuki, kuweka mpangilio wa admin pekee kutuma ujumbe. Saa mbili hadi nne zinatosha, zikizidi watu huhamia grupu jingine na uvumi wanaondoka nao. Ukifuta, sema umefuta nini na kwa nini. Ujumbe uliofutwa kimya kimya huzaa uvumi wa pili, kwamba kuna wanaoficha. Sheria ya grupu iwe moja na fupi: anayeleta onyo alete tarehe, mahali na chanzo, au aandike wazi "sijathibitisha, nauliza".

Ukiwa uliotuma ni wewe

WhatsApp hukuruhusu kufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili na nusu. Futa, lakini ujue waliopakua klipu bado wanayo. Kwa hiyo pita kila grupu na kila mtu uliyemtumia, mmoja mmoja, ukitafuta jina la faili au neno la ujumbe kwenye kisanduku cha kutafutia ili usimsahau hata mmoja, na uandike: "Ujumbe niliotuma jana saa mbili usiku kuhusu maji ya bomba si sahihi. Mamlaka ya maji imesema hivi. Kama uliupeleka kwingine, naomba upeleke na hili." Sentensi ya mwisho usiiache, kwa kuwa ujumbe wako ulishakutangulia kufika mahali usipokujua, na anayejua njia yake ni yule uliyempa.